Unasoma nini saa hii? Usinidanganye

Wasee, wacha nianze kwa kukiri. Mwezi uliopita nilikuwa Roysambu kwa beshte yangu, watu sita tumekaa kwa mkeka, sufuria ya madondo katikati, chapo zinazunguka. Halafu mmoja akauliza: "Kwani nyinyi mnasoma nini saa hii?"

Swali dogo tu, lakini ungeona venye watu walikaa wima. Mmoja akasema anarudia Things Fall Apart mara ya tatu. Mwingine akamtaja Dostoevsky, na akalitamka jina lenyewe polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Dada mmoja alikuwa na Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, na huyo alikuwa nayo kweli, akaitoa kwa mkoba tukaiona. Zamu yangu ikafika. Nikasema, "Petals of Blood."

Uongo mtupu. Petals of Blood nimeianza mara tatu na sijawahi kupita ukurasa wa 40. Nilichokuwa nasoma kwa ukweli ni riwaya moja ya mauaji, PDF niliyotumiwa WhatsApp, kwa simu yenye kioo kimepasuka, kila usiku mpaka saa nane. Na nilikuwa naifurahia vibaya sana.

Sasa mbona nikadanganya? Wale wengine wote wako chuo ama wamemaliza. Mimi nilitoka mwaka wa pili, karo iliponishinda, na tangu siku hiyo nina ugonjwa fulani: nikikaa na watu wa digrii lazima nitaje kitabu kizito, ndio wajue kilichobaki kule ni kadi ya maktaba tu, kichwa nilitoka nacho.

Wikendi iliyofuata nikaenda Limuru kwa cucu. Mimi ndiye mjukuu niliyepewa jina la guka, kwa hivyo kwa mila zetu cucu huniita mume wake, na akiwa na malalamiko yoyote juu ya marehemu, mimi ndiye mshtakiwa. Nikamsimulia venye nilidanganya watu kuhusu kitabu. Akacheka mpaka akajishikilia kwa mlango.

"Hiyo tabia yako haikuanza juzi," akaniambia. "Mwaka wa 1980 si ulirudi hapa saa sita usiku ukaniambia ati umecheleweshwa na kitabu? Na ulikuwa unanuka pombe mpaka mbuzi wakaamka."

Guka alikuwa dereva wa lori. Shule aliachia darasa la saba. Mimi sijawahi kumwona akisoma kitu isipokuwa gazeti, tena lile la jana. Lakini niliposikia 1980, Limuru, baa na kitabu kwa hadithi moja, nywele zilinisimama. Kwa sababu kuna uwezekano mkubwa guka hakuwa anadanganya.

Ndio unielewe, inabidi turudi nyuma kidogo.

Ukipita Banda Street pale tao, karibu na msikiti wa Jamia, kuna jumba lina nguzo kubwa kama za Wagiriki wa kale na simba wawili mbele. Hiyo ni McMillan Memorial Library. Ilifunguliwa 1931, ikajengwa na mjane kwa ajili ya kumkumbuka mumewe, William Northrup McMillan, Mmarekani aliyekuja huku akawa setla mwenye ardhi kubwa. Kwa miaka mingi, karibu muda wote uliobaki wa ukoloni, Mwafrika hakuruhusiwa kuingia hapo kusoma. Kufagia sawa, kusoma hapana. Nikiwa chuo nilikuwa nakaa pale ngazini bila kujua hiyo historia, nakula karanga, nikidhani lile jumba limekuwa letu siku zote.

Sasa usifikirie Waafrika hawakupewa vitabu kabisa. Walipewa, lakini vya kupimiwa. 1948 serikali za kikoloni zilianzisha East African Literature Bureau, na kazi yake ilikuwa kuwachapishia watu wa huku vitabu, vingi kwa Kiswahili na lugha zingine zetu: usafi, kilimo bora, hadithi za kina sungura, vitabu vya shule. Si vibaya. Wako watu walijifunza kusoma kupitia hivyo. Lakini kitu cha kukufanya uulize kwa nini shamba la babako lina jina la mtu wa Scotland, hicho hungekipata hapo.

Kwa hivyo wengine wakajichapishia. Kulikuwa na mzee aliitwa Gakaara wa Wanjaũ, watu wa Karatina mnamjua. Alikuwa anaandika na kuuza vijitabu vyembamba kwa Kikuyu, vya siasa na vya maisha, na 1952 hali ya hatari ilipotangazwa akawa kati ya waliokamatwa. Akakaa kizuizini miaka. Huko ndani akaandika shajara kisiri na akahakikisha haipotei. Shajara hiyo ilipokuja kutoka kama kitabu, ikashinda tuzo ya Noma ya 1984, ambayo ilikuwa kubwa sana kwa vitabu vya Afrika. Shule yangu ya upili ilikuwa na maktaba, na sikuwahi kuona jina lake hata kwa kadi ya faharasa.

Uhuru ukaja. Ule mfululizo wa Heinemann, African Writers Series, ulikuwa umeanza 1962, na 1964 Weep Not, Child ya Ngũgĩ ikatoka humo. Lakini hata wakati huo, ukienda Chuo Kikuu cha Nairobi kusoma fasihi, idara yenyewe iliitwa Idara ya Kiingereza, na katikati ya kila kitu ilikuwa Uingereza. 1968 watu watatu, Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, wakaandika waraka wakiuliza kitu rahisi: kwa nini Afrika isiwe ndiyo katikati, na hao wengine tuwasome wakiwa pembeni? Wakapendekeza idara ivunjwe. Nataka uone hapo kwamba hata orodha ya "vitabu vya maana" haikushuka kutoka mbinguni. Ilipiganiwa kwa barua, kwa mikutano, na watu ambao miaka ile hata hawakuwa wazee.

Halafu ikaja miaka ya sabini, na hapa ndipo ninapopenda, kwa sababu hapa ndipo wasomi wa chuo walianza kushikwa na kichefuchefu.

1971 Charles Mangua alitoa Son of Woman, hadithi ya jamaa wa mtaani anayeongea Kiingereza cha Nairobi bila kuomba msamaha. Ikauzika vibaya. Baada yake akaja David Maillu. Wasee, huyu mtu tungemwelewa sana leo. Alizaliwa 1939 Ukambani, masomo mengi akajisomesha mwenyewe kwa njia ya posta, akafanya kazi ya uchoraji pale Voice of Kenya. Halafu mwanzoni mwa miaka ya sabini akaanzisha kampuni yake, Comb Books. Akaandika mwenyewe, akachapisha mwenyewe, akatafuta wanunuzi mwenyewe. Vitabu vidogo vya kuingia mfukoni, bei ya mtu wa kawaida. Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle zikatoka 1973. After 4.30 ikafuata 1974. Hiyo 4.30 ni saa ya kufunga ofisi, na hadithi ni ya karani wa kike na mabosi na yale yanayotokea saa ya kazi ikiisha, imepangwa kwa mistari kama shairi. Kama umewahi kusikia dada akisimulia kuhusu bosi wake siku hizi, utashangaa ni kidogo namna gani kilichobadilika.

Wahakiki walimsaga. Ati takataka, ati anaharibu vijana. 1976 Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vyake. Na watu wa Nairobi, makarani, makanga, wanafunzi, wakaendelea kuvinunua na kuvificha ndani ya magazeti. Comb Books yenyewe haikudumu, madeni yakaimaliza, lakini Maillu hakuacha kuandika. 1991 akatoa Broken Drum, ambayo ina zaidi ya kurasa 1,000. Huyo mtu walisema ni wa vitabu vya chooni.

Sasa turudi kwa guka.

1977 Ngũgĩ alikuwa mhadhiri, mtu wa jina kubwa duniani, anaandika kwa Kiingereza. Mwaka huo yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika tamthilia ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ikaigizwa pale Kamĩrĩĩthũ, Limuru, na wakulima na wafanyakazi wa kiwanda. Si waigizaji wa kuitwa kutoka tao. Watu wa hapo. Kwa cucu hadi Kamĩrĩĩthũ ni mwendo wa miguu, na yeye alienda kuiona. Anasema alicheka akalia, halafu akaenda tena. Serikali ikaondoa leseni ya mchezo Novemba, na mwisho wa Desemba 1977 wakamchukua Ngũgĩ usiku, wakampeleka Kamĩtĩ bila kesi. Akakaa karibu mwaka mzima.

Ndani ya Kamĩtĩ akaandika riwaya kwa Kikuyu, kwa tishu. Ile ya choo, ndiyo. Na hakuwa wa kwanza. Miaka michache kabla yake, Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Yeye akaandika mashairi huko ndani, pia kwa tishu. Yalitoka 1973 kama Sauti ya Dhiki, na 1974 kitabu hicho kikapewa tuzo ya fasihi inayoitwa, shika kiti, Jomo Kenyatta. Yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mwandishi. Hii nchi ina utani wake.

Riwaya ya Ngũgĩ ikatoka 1980: Caitaani Mũtharaba-inĩ. Kwa Kiswahili baadaye ikaitwa Shetani Msalabani. Mchapishaji wake, Henry Chakava wa Heinemann hapa Nairobi, alitishwa, na akavamiwa na watu wenye silaha wakamuumiza kidole. Akachapisha hivyo hivyo. Nakala 5,000 za kwanza, kitu ambacho mtu angetegemea kuuza kwa miaka, zikaisha kwa mwezi hivi. Mpaka mwisho wa mwaka zilikuwa zimeuzwa kama 15,000.

Lakini hizo namba hazisemi kila kitu, kwa sababu mnunuzi mmoja hakuwa msomaji mmoja. Ngũgĩ mwenyewe aliandika baadaye jinsi kitabu kilivyosomwa: familia zinakusanyika jioni, anayejua kusoma anawasomea wengine. Wafanyakazi saa ya chakula cha mchana, mmoja anasoma. Ndani ya matatu. Na kwa baa. Huko kwa baa kukatokea wasomaji wa kazi. Jamaa anasimama na kitabu, anasoma kwa sauti, akifika pale patamu ananyamaza, anakiweka chini, na haendelei mpaka glasi yake ijazwe.

Soma hiyo tena. Riwaya nzito, ya mtu ambaye leo tunamtaja ili tuonekane tuna akili, ilikuwa inasomwa kwa baa, na msomaji analipwa kwa pombe.

Nikamwambia cucu haya yote. Akanyamaza kidogo, akaangalia nje kwa sukuma wiki yake. Halafu akasema, "Kumbe."

Miaka zaidi ya arobaini ametembea na hiyo kesi kichwani, na mtu mwenyewe alishazikwa.

Baadaye akaongea. Anasema kulikuwa na mwanaume pale senta, mrefu, koti la kijani, ambaye watu walimwita Mwalimu ingawa hakufundisha mahali popote. Huyo ndiye alikuwa anasoma. Usiku ule guka alipofika nyumbani, cucu alikataa kumfungulia mpaka aseme ukweli. Akasimama nje kwa baridi ya Limuru, na wewe unaijua hiyo baridi, akaanza kumsimulia kitabu kupitia dirishani: kuna msichana anaitwa Warĩĩnga, amefukuzwa kazi, amefukuzwa nyumba, amepanda matatu bovu la jamaa anaitwa Mwaũra, wanaenda mahali ambapo wezi wanashindana nani ameiba zaidi. Hapo kwa matatu bovu ndipo dereva wangu aliposhikwa, naelewa. Cucu anasema alimfungulia kwa sababu alitaka kujua wezi walisema nini.

Mwisho wa mwezi guka akanunua nakala yake. Akaanza kuwasomea nyumbani, kwa koroboi, majirani wakaja. Cucu wakati huo alikuwa hajui kusoma vizuri. Anasema palikuwa na mistari alikuwa anaijua kwa kichwa, na siku moja guka akageuza kurasa mbili pamoja kwa bahati mbaya, yeye akamwambia, "Umeruka."

Nikauliza swali ambalo yeyote angeuliza. Hicho kitabu kiko wapi?

Akanionyesha sanduku la bati la guka. Limekaa chini ya kitanda miaka hiyo yote. Ndani kuna leseni za udereva, picha, saa isiyotembea, Biblia, na kitabu kimoja kidogo kilichofunikwa na gazeti kama cha mtoto wa shule. Nikakifungua roho ikinidunda. After 4.30. David Maillu.

Ukurasa wa kwanza ndani kuna majina matano, kila moja limekatwa kwa kalamu na linalofuata limeandikwa chini yake, la mwisho ni la guka. Watu watano walipita na hicho kitabu kabla yake. Kona zimekuwa mviringo. Kurasa kama kumi zimeshonwa na uzi, uzi wa kushona gunia. Mtu alishona kitabu ambacho maprofesa walisema hakifai kusomwa hata mara moja.

"Na kile kingine?" nikauliza.

"Nilikichoma."

Akasema hivyo tu, kama mtu anakwambia chumvi iliisha. Mnakumbuka kwa masomo ya historia kuna mstari mmoja kuhusu Mwakenya, mnauruka mkielekea vyama vingi? Basi. Machi 1982 polisi walibomoa ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ. Mwaka huo huo mwanahistoria Maina wa Kĩnyattĩ alifungwa miaka sita kwa kupatikana na maandishi yaliyoitwa ya uchochezi. Ngũgĩ alikuwa nje ya nchi, akabaki huko. Ikaja 1986, msako wa Mwakenya, watu wanachukuliwa usiku wanapelekwa Nyayo House. Walimu, wanafunzi, wakulima. Mwalimu mmoja wa kijiji cha cucu alichukuliwa siku ya Jumanne. Jumatano asubuhi, guka akiwa safarini Mombasa na lori, cucu akatoa Caitaani kwa sanduku, akakirarua, akakitia jikoni kidogo kidogo chini ya sufuria ya chai. Hakumwuliza mtu. Alikuwa na watoto wanne. Anasema karatasi yake ilikuwa nzuri, iliwaka bila moshi.

Na hakuwa mwoga wa bure. Mwaka huo huo wa 1986 Ngũgĩ alitoa riwaya nyingine ya Kikuyu, Matigari, kuhusu mtu anayezunguka nchi akiuliza ukweli na haki viko wapi. Anavyosimulia Ngũgĩ, wakulima wakaanza kuongea kuhusu huyo Matigari kama mtu wa kweli, habari ikafika kwa wakubwa, amri ikatoka akamatwe. Polisi wakaenda kumtafuta, wakakuta ni mhusika wa kitabu. Basi Februari 1987 wakaenda kwa maduka ya vitabu wakakikamata kitabu.

Guka aliporudi kutoka Mombasa akaambiwa. Cucu anasema hakugomba. Alikaa nje na kikombe cha chai, hakunywa. Maillu akabaki kwa sanduku, kwa sababu hakuna aliyekuwa anapelekwa Nyayo House kwa kusoma mambo ya karani na bosi wake.

Nimekuwa nikifikiria hilo sanduku tangu siku hiyo. Ukimpa mtafiti alifungue, ataandika hivi: dereva wa lori, darasa la saba, alisoma Biblia na kitabu cha mapenzi. Na atakuwa na ushahidi. Kitabu kilichomweka guka nje kwa baridi, ambacho mke wake alikijua kwa kichwa bila kujua kusoma, hakina hata jivu.

Ndio maana nikisikia ile kauli, ati Wakenya hawasomi, ati ukitaka kumficha Mkenya kitu kiweke ndani ya kitabu, naanza kukasirika. Wakenya gani? Waliofungiwa mlango wa McMillan? Waliochoma? Ama sisi, ambao tulipewa Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, kitabu kitamu kabisa, halafu tukaambiwa tununue mwongozo tukariri dhamira na maudhui, mpaka hamu ikaisha? Mimi nilisoma mwongozo wa Kidagaa mara nne kabla ya kusoma riwaya yenyewe, na niliisoma baada ya mtihani, kwa basi, nikashangaa kwamba inachekesha. Hakuna mtu alikuwa ameniambia inachekesha.

Na watu wanasoma, enyewe. Pita Tom Mboya Street jioni uangalie wale jamaa wa inama, vitabu vimepangwa kwa gunia. Vile vya kutajirika haraka vinaenda, Colleen Hoover anaenda, set buku kuukuu zinaenda, na katikati unaweza kuokota Meja Mwangi, Going Down River Road ya 1976, barabara yenyewe ikiwa pale nyuma tu. Nyingi za zile mpya pale ni za kunakiliwa, wino umefifia, ukurasa wa 112 umekuja mara mbili. Na hapa sitajifanya mtakatifu, PDF yangu ya WhatsApp ni wizi ule ule, mwandishi hakuona hata shilingi. Guka angalau alinunua. Hata yule msomaji wa baa kuna mtu alikuwa amemnunulia kitabu. Hiyo tofauti inanisumbua, na bado sijaifuta ile PDF, nimebakisha sura mbili nijue nani aliua.

Beshte wangu mmoja, nilipomwambia hii stori, akasema basi tusiseme tena kuna kitabu kikubwa na kitabu kidogo, vyote sawa. Sijafika huko. Nimesoma After 4.30 yote sasa, kwa siku mbili, na kuna mahali inachosha, na kuna mahali inapiga kabisa, hasa pale mwanamke anapoongea peke yake. Petals of Blood nitaijaribu tena na pengine itanishinda tena. Lakini nikiulizwa swali la Roysambu leo, sitataja kitu ili nionekane nani.

Saa hii nasoma Caitaani Mũtharaba-inĩ. Inapatikana, nilinunua nakala mpya dukani, hakuna mtu aliniangalia mara mbili. Nasoma kwa Kikuyu, na Kikuyu changu ni cha mtu wa Nairobi, cha kusalimia na kuomba chai, kwa hivyo nasoma kwa sauti, polepole, kila Jumamosi, na cucu anakaa hapo karibu na jiko akinirekebisha. Anakumbuka vitu kabla sijafika. Tuko pale wameingia kwa matatu la Mwaũra na watu wanaanza kujuana. Wiki iliyopita nilifika mahali patamu nikanyamaza, nikaweka kitabu kwa goti, nikamwangalia.

Akasema, "Wewe mzee huna aibu," na akachukua birika akanijazia kikombe.